Vipande vya mifupa vinavyowafichua nyangumi wa zamani

Mwaka 77, miaka miwili kabla ya kufa katika mlipuko wa mlima Vesuvius, Pliny Mzee alimaliza kazi yake kubwa juu ya maumbile ya dunia. Katika kitabu cha tisa, kinachozungumzia viumbe wa majini, aliweka habari ambayo wasomaji wa baadaye hawakujua waifanyie nini. Alisema nyangumi huingia kwenye maji ya Cádiz, kusini mwa Hispania ya leo, wakati wa baridi, wakajificha kwenye ghuba tulivu ili wazae. Orka, akaongeza, wanaijua siri hiyo. Huwavamia majike waliochoka na uzazi pamoja na ndama wao, huwaziba njia na kuwabana kwenye kina kifupi wasiweze kukimbilia maji makuu.

Maelezo hayo ni ya mtu aliyeona, au aliyesimuliwa na aliyeona. Lakini nenda Cádiz leo. Nyangumi wapo wanaopita Mlango-Bahari wa Gibraltar, ila hupita mbali, kwenye maji ya kina. Hakuna nyangumi mkubwa anayesogea ufukweni kujifungua pale, na hakuna mvuvi wa sasa wala babu yake aliyewahi kusimulia jambo kama hilo. Ikawa rahisi kuhitimisha kwamba Pliny, ambaye aliandika mengi na kuyahakiki machache, alidanganywa na mabaharia.

Pwani hiyohiyo ina magofu ya Baelo Claudia, mji wa Kirumi karibu na Tarifa. Mpaka leo yanaonekana mahodhi ya mawe ambamo jodari walikatwa, wakatiwa chumvi na kusafirishwa hadi kwenye meza za matajiri wa Roma, pamoja na ule mchuzi wa samaki waliovundikwa ambao Warumi waliupenda kupita kiasi. Katika miji ya namna hiyo, pande zote mbili za mlango-bahari, wanaakiolojia walikuwa wakifukua mara mojamoja vipande vya mifupa mikubwa mno kuwa ya jodari. Waliandika "nyangumi" kwenye kasha, wakafunga.

Usiwalaumu. Mfupa wa nyangumi ukivunjika ni janga kwa mtaalamu wa mifupa. Kwanza, nyangumi mmoja ni mkubwa kiasi kwamba kinachofika kwenye makazi ya watu ni kipande tu: sehemu ya pingili ya uti wa mgongo, ubavu uliopasuliwa, taya lililogeuzwa boriti. Pili, watu hawakuuacha mfupa huo kama ulivyo. Waliuchonga, wakautengenezea vyombo, wakauchoma kwa ajili ya mafuta yake. Tatu, ili ulinganishe unahitaji mifupa ya aina zote za nyangumi mahali pamoja, na makumbusho yenye nafasi ya kuweka mkusanyiko kama huo yanahesabika. Matokeo yake ni kwamba kwa zaidi ya karne moja maandishi ya akiolojia ya Ulaya yalijaa neno "nyangumi" bila kusema ni nyangumi gani. Kwa mwenye shauku ya kujua bahari ilikuwaje, hilo ni sawa na kuambiwa kwamba zamani kulikuwa na ndege.

Kilichobadilisha mambo ni protini iliyomo ndani ya mfupa wenyewe.

Mfupa tunauona kama jiwe, na kweli sehemu yake kubwa ni madini. Lakini madini hayo yameshikiliwa na protini iitwayo kolajeni, ambayo ndiyo karibu yote ya kile kisicho madini katika mfupa. Molekuli yake ni nyuzi tatu ndefu zilizosokotwa pamoja kama kamba, kila uzi ukiwa na asidi amino zipatazo 1,000. Aliyewahi kupika supu ya makongoro ameshaifanyia kolajeni majaribio: chungu kikilala, asubuhi mchuzi umeganda na unatikisika. Moto uliifungua misokoto, kolajeni ikawa jelatini.

Mambo mawili yanaifanya iwe shahidi mzuri. La kwanza ni ustahimilivu wake. Imefungwa ndani ya madini, imesokotwa kwa nguvu, na huoza polepole kuliko DNA. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba vipande vya mfupa kutoka kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, vyenye umri wa takriban miaka milioni 3.5, bado vilikuwa na kolajeni ya kutosha kuonyesha kwamba ni vya ngamia. Ngamia wa Arktiki! Baridi ilisaidia sana, na nitarudi kwenye suala la joto, kwa kuwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki linatuhusu. Jambo la pili ni kwamba kolajeni ya kila kundi la wanyama imetofautiana kidogo na ya kundi jingine. Mpangilio wa asidi amino unakaribiana kote, kwa sababu kamba ikisokotwa vibaya mfupa haufai, lakini hapa na pale asidi amino moja imebadilishwa na nyingine. Mabadiliko hayo madogo ndiyo yanayosomwa.

Namna ya kuyasoma inashangaza kwa udogo wa vitu vinavyohitajika. Mtaalamu huchukua chembe ya mfupa, mara nyingi miligramu chache tu. Huiloweka kwenye asidi hafifu ili madini yayeyuke, kisha huipasha kwenye maji ya nyuzi joto 65 kwa saa moja hivi, kolajeni ifunguke ilivyofunguka kwenye chungu cha makongoro. Halafu huongeza tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini tumboni mwetu. Tripsini ina nidhamu ya ajabu: haikati ovyo, hukata baada ya asidi amino mbili tu, laisini na arjinini. Ukiipa kolajeni ileile mara mia itaikata mahali palepale mara mia. (Inayotumika katika maabara nyingi hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Msomaji asihofu, haiingii jikoni.) Asubuhi inayofuata uzi wa asidi amino 1,000 umekuwa vipande vifupi, viitwavyo peptidi.

Kinachobaki ni kuvipima uzito. Tone la mchanganyiko huwekwa kwenye bamba la chuma pamoja na kemikali inayonyonya mwanga, likakauka na kuwa fuwele. Bamba huingizwa kwenye mashine iliyoondolewa hewa, na leza hulipiga. Fuwele hulipuka, peptidi huruka zikiwa na chaji ya umeme, na zote husukumwa kwa nguvu ileile ndani ya bomba refu. Nyepesi hutangulia kufika, nzito hufuata. Mashine huhesabu muda wa safari na kuugeuza kuwa uzito. Kwenye skrini hutokea mstari wenye vilele, na kila kilele ni peptidi ya uzito fulani. Kondoo, kwa mfano, ana kilele kwenye 3,033, ilhali mbuzi hana hicho ila ana cha 3,093. Wachungaji wanajua kuwatenganisha wanyama hao kwa mkia na ndevu, lakini wakishakuwa vipande vya mifupa jikoni hata mtaalamu hutoa jasho.

Kabla ya miaka ya 1980 hakuna aliyejua namna ya kurusha molekuli kubwa kiasi hicho bila kuivunjavunja. Njia ilipatikana sehemu mbili karibu wakati mmoja. Ujerumani, Franz Hillenkamp na Michael Karas walikuwa wakichanganya sampuli na kemikali zinazopokea nishati ya leza kwa niaba yake, na njia yao ndiyo iliyoenea maabara zote. Japani, kijana mhandisi wa umeme aitwaye Koichi Tanaka, mfanyakazi wa kampuni ya Shimadzu jijini Kyoto, alimwaga kimakosa gliserini kwenye unga laini wa kobalti. Aliona ni hasara kuutupa unga wa bei ghali. Akauweka kwenye mashine hivyohivyo, akaupiga kwa leza huku akisubiri gliserini ikauke, na molekuli aliyoitafuta ikaruka nzima. Mwaka 2002 alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia akiwa na miaka 43, bila shahada ya uzamivu. Mpaka leo wapo wanaosema Wajerumani walinyimwa haki yao, na nadhani wana hoja.

Mwaka 2009 Michael Buckley, Matthew Collins na wenzao walionyesha kwamba njia hii inaweza kutambua mifupa ya wanyama wengi kwa haraka na kwa gharama ndogo kuliko DNA. Miaka michache baadaye orodha ya vilele vya nyangumi, pomboo na sili ikawa tayari. Makasha yaliyoandikwa "nyangumi" yakaanza kufunguliwa.

Turudi Gibraltar. Mwaka 2018 kundi lililoongozwa na mwanaikolojia Ana Rodrigues, wa taasisi ya utafiti ya Ufaransa CNRS, lilichapisha matokeo ya mifupa michache iliyopatikana katika maeneo ya Kirumi ya mlango-bahari huo. Walitumia kolajeni na DNA kwa pamoja. Miongoni mwa mifupa hiyo walikutana na wanyama wawili wasiotazamiwa. Wa kwanza ni nyangumi wa kijivu, ambaye kwa sasa makazi yake ni Pasifiki ya Kaskazini tu. Wa pili ni yule ambaye kitaalamu huitwa Eubalaena glacialis, na ambaye hapa nitamwita balena kwa kifupi. Waliobaki hawafiki 400, karibu wote wakiwa pwani ya Marekani na Kanada.

Tabia za nyangumi hawa wawili ndizo zinazolipa jambo hili uzito. Wote ni wa ufukweni. Huenda polepole. Na wote huhama majira ya baridi kwenda kwenye maji tulivu, ya kina kifupi, ili wazae. Wale wa kijivu wa Pasifiki hutoka Arktiki hadi kwenye vidimbwi vya bahari vya Baja California huko Meksiko, na orka huwavizia njiani kwa ajili ya ndama. Soma tena maneno ya Pliny ukiwa na picha hiyo kichwani. Hakudanganywa. Aliandika habari za bahari ambayo haipo tena.

Pengine msomaji wa Kizimkazi, Mafia au Watamu haoni ajabu yoyote katika habari ya nyangumi kuja kuzaa karibu na watu. Nyangumi wenye nundu hutufikia kila mwaka kutoka Antaktika, kuanzia mwezi wa saba hadi kuelekea wa kumi na moja, na wapo wanaolipia boti kwenda kuwatazama. Mhispania wa Cádiz angekuwa na desturi hiyohiyo leo kama historia ingekwenda njia nyingine.

Je, Warumi ndio waliowamaliza? Ushahidi hauruhusu kusema hivyo. Walikuwa na mashua, chusa, nyavu na viwanda vya chumvi, kwa hiyo uwezo wa kumvua nyangumi mpole wa ufukweni huenda walikuwa nao. Lakini mfupa ulio kando ya hodhi unaweza pia kuwa wa mnyama aliyekufa mwenyewe na kusukumwa na mawimbi. Protini hutaja mnyama. Haitaji aliyemuua.

Picha pana zaidi ilikuja mwaka 2023, Youri van den Hurk na wenzake walipochapisha uchunguzi wa vipande 719 vya mifupa inayodhaniwa kuwa ya nyangumi kutoka pwani ya Atlantiki ya Ulaya, vingi vikiwa vya kati ya mwaka 3500 K.K. na karne ya 18. Waliotia fora kwa wingi ni jamii ya balena pamoja na nyangumi wa kijivu. Wa balena walitarajiwa, maana Wabaski wa kaskazini mwa Hispania wanajulikana kwa kuwawinda tangu zama za kati: wana mafuta tele, na wakiuawa huelea. Nyangumi wa kijivu hakutarajiwa kabisa. Alikuwa amefutika katika kumbukumbu za Ulaya kiasi kwamba mwaka 1861, mwanasayansi wa Kiswidi alipompa jina la kitaalamu, alitumia mifupa iliyofukuliwa kisiwani Gräsö, na jina hilo ndilo analoitwa hadi leo yule wa Pasifiki aliye hai. Kumbe mifupa yake ilikuwa imejaa kwenye makasha ya makumbusho, ikitoka katika makazi ya kale ya Waflemi, Wafrisi, Waanglo-Saksoni na Waskandinavia. Aina nyingine za nyangumi wakubwa zilikuwa chache. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakitumiwa sana na watu ndio walewale ambao leo wameadimika au wametoweka.

Mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly aliandika mwaka 1995 kwamba kila kizazi cha watafiti huichukua bahari waliyoikuta mwanzoni mwa kazi yao kuwa ndiyo bahari ya kawaida. Samaki wakipungua katika uhai wao wanaona upungufu; waliopungua kabla yao hawawaoni. Kizazi kinachofuata huanzia pale palipobaki. Naona mifupa hii ya nyangumi ni mfano mkali kuliko wote wa hoja yake. Nchi zenye vyuo vya bahari, makumbusho na maandishi ya miaka 2,000 zilimsahau mnyama wa mita 14 aliyekuwa akipita mbele ya milango yao. Mwaka 2010 nyangumi wa kijivu mmoja alionekana kwenye maji ya Israel, kisha pwani ya Hispania, bila shaka amepotea njia kutoka Pasifiki kupitia Arktiki inayoyeyuka. Magazeti yalimwandika kama mgeni wa ajabu. Kwa kiasi fulani alikuwa amerudi nyumbani.

Protini inakwenda mbali kuliko Warumi. Mwaka 2025 Krista McGrath, Jean-Marc Pétillon na wenzao walieleza zana 83 za mfupa kutoka mapango yanayozunguka Ghuba ya Biscay, pamoja na vipande vingine 90 kutoka pango la Santa Catalina katika nchi ya Wabaski. Kolajeni ilionyesha aina zisizopungua tano za nyangumi wakubwa: nyangumi wa buluu, nyangumi-pezi, nyangumi wa kijivu, mmoja wa jamii ya balena, na yule mwenye meno anayetoa ambari, ambayo pwani yetu iliijua na kuiuza tangu enzi za majahazi. Zana za kale zaidi zina takriban miaka 20,000. Watu hao wa enzi ya barafu, ambao vitabu vya shule huwachora wakifukuza farasi na kulungu wa kaskazini, walikuwa wakichonga ncha za mikuki kwa mifupa ya wanyama waliokwama ufukweni.

McGrath ana kazi nyingine ninayoipenda kwa ujanja wake. Makumbusho hayapendi kuona mkuki wa miaka 20,000 ukitobolewa, hata kwa miligramu chache. Basi yeye na wenzake walijaribu kuchunguza mifuko ya plastiki ambamo zana za mfupa zilihifadhiwa. Mfupa ukisuguana na plastiki huacha chembe zisizoonekana. Unatoa zana, unaiweka pembeni salama, unasuuza mfuko mtupu, na kolajeni inapatikana. Kwa vitabu vya ngozi, watafiti wengine walitumia kifutio cha kawaida cha penseli: unasugua ukurasa polepole, makombo ya kifutio hunasa protini.

Njia hii ya kusoma kolajeni ina mipaka, na wanaoitumia huitaja bila aibu. Kolajeni hubadilika polepole, kwa hiyo ndugu wa karibu hufanana. Balena wa Atlantiki na binamu yake wa Arktiki hawatenganishwi kwa vilele peke yake. Ndiyo maana kila mara nimeandika "jamii ya balena" pale ambapo DNA haikusaidia. Kuna mtego mwingine ambamo mgeni wa fani huanguka. Asidi amino iitwayo alanini ikibadilishwa na serini uzito huongezeka kwa 16. Lakini prolini ya kolajeni, ikipata oksijeni moja mwilini mwa mnyama kama ilivyo kawaida yake, nayo huongezeka kwa 16. Kilele kimesogea: ni mnyama mwingine au ni oksijeni tu? Mashine haijui. Anayejua ni mtu aliyekaa na vilele vingi.

Na papa, ambaye kiunzi chake ni gegedu, ana kolajeni ya namna nyingine na mara nyingi habaki kabisa ardhini isipokuwa pingili na meno.

Kasa ameleta habari ambayo kwangu inapita hata ya nyangumi. Mwaka 2019 Virginia Harvey na wenzake walipima mifupa zaidi ya mia moja ya kasa kutoka maeneo ya kale ya Karibi na Florida. Joto la huko si la Ellesmere, lakini mingi ilikuwa bado na kolajeni, na mingi ilikuwa ya kasa wa kawaida, yule tumwitaye kasa bila nyongeza, huku ng'amba akifuata. Halafu mwaka 2023 Willemien de Kock wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, akachukua mifupa ya kasa iliyofukuliwa mashariki ya Mediterania. Kwanza alitenganisha kasa wa kawaida na wenzake kwa vilele vya kolajeni. Kisha, kwenye kolajeni ileile, alipima isotopu za kaboni na naitrojeni, ambazo hutegemea mnyama alikula nini na wapi. Akalinganisha na kasa wa leo waliofungwa vifaa vya setilaiti.

Kasa hao hutaga Uturuki na Saiprasi, kisha huogelea hadi kwenye nyasi za bahari za Misri na Libya kula. Mifupa ya miaka takriban 3,000 ilisema jambo lilelile. Zaidi ya vizazi mia moja vya kasa vimekuwa vikirejea kwenye malisho yaleyale, wakati Mafarao, Wafinisia, Warumi, Waarabu na Waturuki wakipokezana ufukwe. Utafiti ulitahadharisha kwamba malisho hayo sasa yako hatarini kwa sababu ya joto la bahari na shughuli za binadamu. Kasa mwenye uaminifu wa miaka 3,000 hatahama kwa kuwa tu nyasi zimekufa. Hilo ndilo linalotisha.

Sasa kwetu. Swali la kwanza la haki ni kama kolajeni inaweza kubaki kwenye ardhi yenye joto na mvua kama ya Unguja. Jibu lipo. Mwaka 2021 Courtney Culley, Mary Prendergast na wenzao walichapisha uchunguzi wa mifupa kutoka maeneo manane ya kale katika visiwa vya Zanzibar, Mafia na Komoro, ya kati ya mwaka 300 na 1000. Walikuwa wakitafuta mbuzi na kondoo. Kwa macho, wataalamu walikuwa wamewatambua wanyama hao katika maeneo manne. Kwa kolajeni, mbuzi alionekana katika maeneo saba na kondoo katika matatu. Mbuzi alifika visiwani angalau kufikia karne ya saba, kondoo akafuata karne moja au mbili baadaye. Hilo ni somo la mifugo, najua, ila limethibitisha kwamba protini ya mifupa ya kisiwani inasomeka.

Na mifupa ya baharini tunayo. Kule Shanga, katika funguvisiwa la Lamu, Mark Horton alichimba miaka ya 1980, na uchambuzi wa mifupa alioufanya pamoja na Nina Mudida wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ulionyesha jinsi samaki, kasa na hata nguva walivyokuwa chakula cha Waswahili wa mwanzo. Nguva leo ni wa kuhesabika. Waliopo Tanzania wako zaidi maeneo ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na mvuvi kijana anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kumwona hata mmoja. Kujua walikuwa wakiliwa wapi, karne ipi na mpaka lini kungewapa wahifadhi wetu kitu ambacho kumbukumbu ya wazee haiwezi kukifikia: kipimo cha bahari kabla ya jarife na baruti.

Kasa wetu ni wa aina tano: kasa wa kawaida, ng'amba, duvi, kigome na noa. Kipande cha gamba kilichochomwa na kuvunjika hakikuambii ni nani kati yao, na tofauti si ndogo. Ng'amba aliuawa kwa ajili ya gamba lake la biashara, kasa wa kawaida kwa ajili ya nyama. Ukijua ni yupi aliyejaa kwenye jalala la mji wa karne ya 10, umejua kama jalala hilo ni la jikoni au la karakana. Vielelezo vya kasa vimeshatengenezwa na watafiti wa Karibi, na noa wa Bahari ya Hindi ni noa yuleyule.

Kazi kubwa iko kwa samaki, na ndiko ninakotamani kuona vyuo vyetu vikiingia. Mifupa ya samaki ndiyo mingi kuliko yote kwenye majalala ya kale ya pwani: changu, pono, chewa, tasi. Mingi hufika kwa mtaalamu ikiwa miiba na pingili zisizo na sura, ikaishia kuandikwa "samaki". Bahati nzuri, samaki wenye mifupa wana nyuzi tatu tofauti katika kolajeni yao pale ambapo sisi na nyangumi tuna mbili za aina moja na ya tatu ya kwake, na zinabadilika haraka zaidi, kwa hiyo vilele vyao hutenganisha ndugu vizuri kuliko vya wanyama wanyonyeshao. Lakini miamba ya Bahari ya Hindi ina mamia ya spishi, na kila spishi inahitaji kielelezo kutoka kwa samaki aliyetambuliwa kwa hakika akiwa bado na rangi zake.

Kielelezo hicho hakihitaji meli ya utafiti. Kinapatikana alfajiri pale Feri, Dar es Salaam, au soko la Malindi, Unguja, kabla wachuuzi hawajagawana mzigo. Unanunua pono mzima, unampiga picha, mtaalamu wa samaki anaandika jina lake, kisha anapikwa na kuliwa. Pingili mbili zinaoshwa, zinakaushwa na kuwekwa kwenye mfuko wenye namba. Mashine yenyewe inaweza kuwa Manchester au Groningen kwa sasa.